Ngazija na Marafiki: Mwongozo Kamili wa Kutembea Kisiwa cha Kijani Kisicho na Mto

Ukikitazama kisiwa cha Ngazija, kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kutoka dirishani mwa ndege, unaweza kuapa kwamba kina mito kumi. Kijani kinaanzia ufukweni, kinapanda mnazi juu ya mnazi, mgomba juu ya mgomba, mpaka kinapotelea mawinguni karibu na kilele cha Karthala, mlima wa volkano. Lakini kisiwani humo hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha, tena nyingi, ila inaangukia mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo. Inazama papo hapo, inasafiri chini kwa chini, na inajitokeza pwani ikiwa imeshachanganyika na maji ya bahari. Vijijini watu wanakunywa mvua waliyoikinga mapaani.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo litakaloamua kama safari yenu itakuwa ya raha au ya mateso. Tulikwenda watu watano, marafiki tuliosoma pamoja, siku nane za mwezi wa Septemba. Nauli tuliipanga vizuri, malazi tuliyapanga vizuri, hata zamu za kupika tuliziandika. Maji tukayanunua jioni ya mwisho, kwa kukadiria. Siku ya pili mlimani tulibaki na chupa moja na nusu, na saa nne za mwendo mbele yetu. Hakuna aliyelazwa, lakini mwenzetu mmoja alifika chini midomo imepasuka, hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi

Komoro wanahesabu majira kama sisi wa pwani: kaskazi na kusi. Kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kuna joto, unyevu na mvua kubwa, na ndio msimu wa vimbunga. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa na Ngazija kabla ya kuipiga Msumbiji. Kusi, kuanzia Mei mpaka Oktoba, hewa inakuwa nyepesi na njia za mlimani zinakauka. Kwa kupanda Karthala, nendeni wakati wa kusi.

Ila mjue kwamba Julai na Agosti ndio miezi ya harusi kubwa, ile mila ya Wangazija inayoitwa Anda, ambayo mwanamume huitimiza ili ahesabiwe mtu mzima mwenye kauli katika mji wake. Wangazija walioko Ufaransa, hasa Marseille, hurudi nyumbani kwa maelfu. Ndege hujaa, vyumba hupanda bei, magari ya kukodi hayaonekani. Kwa upande wa pili, ukialikwa harusini utasikia twarabu iliyotoka Unguja karne iliyopita ikaota mizizi hapa, na utaona wanaume waliovaa majoho yaliyotariziwa kwa dhahabu. Anayetaka harusi aende Agosti na alipie mapema. Anayetaka mlima na utulivu achague Juni au Septemba. Mwezi wa Ramadhani sikushauri kwa kundi linalokwenda kutembea, kwa kuwa migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani mbele ya watu waliofunga ni kukosa adabu.

Hatua ya 2: Kaeni kikao cha watu wote kabla ya kulipa chochote

Urafiki wa mjini ni mwepesi. Kila mtu ana kwake pa kurudi jioni. Kisiwani mtakuwa pamoja saa 24, mkiwa na njaa kwa wakati mmoja na mmechoka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo semeni mambo matatu mapema, mdomoni, mkiwa mmekaa pamoja. Msiyaandike tu kwenye kundi la WhatsApp.

La kwanza ni nani anapanda mlima na nani hapandi. Karthala ina urefu wa mita 2,361, na njia inaanzia mbali chini ya kilele. Si mlima wa kupandisha mtu kwa kumtania. Sisi tulikubaliana kwamba mwenye shaka abaki Moroni bila kuulizwa sababu, na bado mmoja wetu alipanda kwa kuona haya kubaki peke yake. Ndiye yule niliyemtaja. Siku hizi nauliza swali hili kwa kila mtu faraghani.

La pili ni mwendo. Kundi zima linakwenda kwa kasi ya aliye taratibu kuliko wote, na yeye ndiye anayetembea mbele, nyuma ya kiongozi. Akiwa nyuma, wa mbele hupumzika wakimsubiri, naye akifika tu wao wananyanyuka. Kwa hiyo anayechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa.

La tatu ni pesa. Kila mtu atoe kiasi sawa siku ya kwanza, mtu mmoja atunze mfuko, na chakula, usafiri na viongozi vilipwe kutoka humo. Vinywaji vya ziada na zawadi kila mtu ajitegemee. Mfuko ukipungua, wote mchange tena sawasawa.

Hatua ya 3: Nyaraka, fedha na mizigo

Ndege za kwenda Hahaya, uwanja mkuu wa Komoro, zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi. Kutoka Dar ni kama saa moja na nusu, na saa za huko ni sawa na zetu. Viza hutolewa mtu akifika, lakini ulizeni ubalozi wao kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa taratibu hubadilika. Chukueni kadi ya chanjo ya homa ya manjano na tiketi ya kurudi iliyochapishwa. Foleni ya uhamiaji inaendeshwa kwa Kifaransa, kwa hiyo andikeni kwenye karatasi jina na namba ya simu ya mahali mtakapolala.

Bebeni euro taslimu, noti safi zisizochanika. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, euro 1 kwa faranga 491.97, na kiwango hicho hakiyumbi. Ukibadilisha euro 200, unatarajia takriban faranga 98,400. Mashine za kutolea pesa zipo Moroni, chache, na ukitoka mjini kadi ya benki haina kazi.

Soketi zao ni za Kifaransa, zenye matundu mawili ya mviringo. Plagi zetu za pini tatu haziingii, na adapta ni rahisi zaidi kuinunua Kariakoo kuliko kuitafuta huko. Umeme hukatika, kwa hiyo kila mmoja awe na pawabenki.

Malaria bado ipo Ngazija, na yale matangi ya kukingia mvua ni mazalia mazuri ya mbu. Chandarua, dawa ya kupaka, na ushauri wa daktari kuhusu vidonge vya kinga ni mambo ya lazima, hata kwako uliyezaliwa Tanga ukaugua malaria tangu utotoni.

Kuhusu viatu nitasema kwa herufi nzito kama ningeweza. Mawe ya zaha iliyoganda, yaani uji wa moto wa volkano uliopoa, ni makali kama tupa. Raba za mazoezi ya asubuhi hazimalizi siku mbili. Chukueni buti zenye soli nene iliyoshonwa, zilizokwisha kuvaliwa wiki kadhaa, na gundi imara pamoja na kamba ya nailoni kwa tahadhari. Mwenzetu mwingine soli ilimbanduka ndani ya kaldera, lile bonde kubwa la kileleni, na akashuka mlima mzima kiatu kikiwa kimefungwa kamba kama kifurushi.

Hatua ya 4: Siku mbili za mwanzo, msiende mbali na Moroni

Watu hushuka kwenye ndege wakitaka kukimbilia mlimani. Tulieni. Mwili uzoee joto, masikio yazoee lugha.

Lugha yenyewe ni raha ya pekee kwa Mswahili. Shingazidja na Kiswahili ni ndugu, na siku ya kwanza utashika neno moja katika matatu bila kujua namna gani. Unaulizwa "Bariza?" unajibu "Ndjema." Asante kwao ni "Marahaba," na hapo ndipo Mtanzania anapopigwa na butwaa, maana kwetu neno hilo ni jibu la Shikamoo. Isitoshe, wazee wengi waliwahi kuishi Unguja, Mombasa au Dar, na wafanyabiashara wao hawaishi kuja Kariakoo. Anzeni kwa Kiswahili cha pole, mtashangaa milango itakavyofunguka. Kifaransa kiwe cha akiba.

Mji wa kale wa Moroni unatembeleka kwa asubuhi moja: vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, na Msikiti wa Ijumaa wa zamani ulio ukingoni mwa maji, wenye nguzo na matao meupe yanayotazama bandari. Asiye Mwislamu aombe ruhusa kabla ya kukaribia. Adhuhuri ya Ijumaa msipange shughuli yoyote.

Kisha nendeni makumbusho ya taifa, yaliyo chini ya taasisi ya utafiti iitwayo CNDRS. Humo mtamwona gombessa, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana mwaka 1952 kwenye maji ya Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, na wavuvi wa huko wakashangaa ghasia zote zile kwa samaki waliyemfahamu miaka yote, tena wasiyempenda kwa chakula. Timu ya taifa ya soka imepewa jina lake, ile iliyoifunga Ghana mabao 3-2 Januari 2022 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtajeni gombessa mbele ya dereva wa teksi na mtakuwa na mazungumzo ya safari nzima.

Alasiri pandeni teksi mpaka Iconi, kusini kidogo ya mji. Kuna magofu ya jumba la masultani lililojengwa kwa mawe meusi ya zaha, na juu yake kuna jabali. Mwanzoni mwa karne ya 19 watekaji watumwa kutoka Bukini (Madagaska) waliuvamia mji huu, na wanawake walijirusha kutoka jabalini kuliko kuchukuliwa. Watu wa Iconi wanalisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini. Msipige picha za kujirusha hewani pale juu.

Kwa chakula, tafuteni mataba, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa nazi, ambayo mtu wa Tanga atayatambua mara moja kuwa ni kisamvu cha ndugu zake. Mashelisheli ya kuchoma yapo kila mahali. Pilipili yao, putu, ionjeni kwa ncha ya kidole kwanza.

Hatua ya 5: Zungukeni kaskazini kwa gari

Barabara inazunguka karibu kisiwa chote, lakini vipande vingine vimechakaa, kwa hiyo msihesabu kilomita, hesabuni saa. Kodini gari pamoja na dereva kwa siku nzima, mkubaliane bei na mahali pote mtakapopita kabla hamjaingia. Kwa watu watano ni nafuu kuliko mtakavyodhani. Teksi za kuchangia zipo pia na ni nzuri kwa kusikiliza habari za mji, ila jioni hupotea.

Tokeni saa 1 asubuhi. Piteni Itsandra, kisha mpande kidogo mpaka Ntsoudjini kuona kuta za kale za mji. Baada ya Hahaya barabara inakata mapito ya zaha, meusi, yaliyoganda yakielekea baharini, na makangaga yameshaanza kuota kwenye nyufa. Mitsamiouli na Maloudja kuna mchanga mweupe na maji tulivu ya kuogelea. Angalieni maji yakijaa na kupwa kama mnavyofanya nyumbani. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mnatembea juu ya matumbawe yenye miiba ya kuchoma, na viatu vya maji ni lazima. Nguo za kuogelea zivaliwe kwenye fukwe za wageni tu. Karibu na vijiji, akina dada wajifunge leso na akina kaka wavae fulana.

Ncha ya kaskazini kuna Ziwa la Chumvi, kasoko (shimo la volkano) ya zamani iliyojaa maji, hatua chache tu kutoka baharini. Rangi yake hubadilika kadiri jua linavyozunguka. Tulipofika ilikuwa kijani cha chupa, tulipoondoka imekuwa samawati. Mzee aliyekuwa amekaa kivulini alitusimulia kwamba pale palikuwa na mji, akapita mgeni mwenye kiu, akaomba maji mlango hadi mlango, akanyimwa, na usiku ule mji ukazama. Sijui kisiwa kingine ambacho hadithi kama hiyo ingeuma hivyo.

Rudini kwa upande wa mashariki kama muda upo, mfikie Chomoni, ghuba yenye mchanga mweupe na miamba myeusi kwa pamoja. Sisi tuliiacha Chomoni kwa siku ya baada ya mlima, na naona ndivyo inavyofaa. Miguu iliyochoka inaipenda zaidi.

Hatua ya 6: Siku ya maandalizi, na hesabu ya maji

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike. Msiiruke.

Kwanza hakikisheni mlima uko tulivu. Karthala ni volkano hai, iliyolipuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19. Mwaka 1977 zaha ilishuka mpaka pwani ya kusini magharibi na kuharibu kijiji cha Singani. Novemba 2005 ilitoa majivu mengi yaliyoanguka kwenye mapaa na kuingia matangini, na makumi ya maelfu ya watu wakajikuta hawana maji ya kunywa. Mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007. Kipo kituo cha kuichunguza Moroni, chini ya ile CNDRS niliyoitaja, kwa hiyo mwambieni kiongozi wenu aulize huko hali ya mlima siku ya kuondoka. Mkiambiwa subirini, subirini.

Kiongozi si wa hiari. Njia hazina alama za kuaminika, na ukungu ukiingia kaldera huoni kiatu chako. Tafuteni kiongozi kupitia nyumba mnayolala au vijiji vya mlimani kama Mvouni, na kabla ya kukubaliana mwulizeni amepanda mara ngapi mwaka huu, analala wapi, na mkiumia anafanyaje. Anayejibu "hakuna shida" kwa kila swali, mwacheni.

Sasa maji. Njia nzima hakuna chemchemi wala kijito. Kila tone mtabeba. Kwa safari ya siku mbili na usiku mmoja, wekeni lita 6 kwa kila mtu, za kunywa na kupikia. Sisi tulibeba lita 4 kwa kila mmoja, watu watano, lita 20, tukajiona tuko salama. Hatukuhesabu kiongozi na wapagazi wawili. Watu wanane kwa lita 20 ni lita mbili na nusu kila mmoja, na wao ndio waliokuwa na mizigo mizito kuliko sisi. Kiongozi wetu alikuwa akinywa funda moja moja toka asubuhi, nasi tukidhani ndivyo alivyozoea.

Kwa hiyo hesabu sahihi ya kundi kama letu ni watu wanane mara lita 6, yaani lita 48, ambazo ni kilo 48. Kilo hizo zinahitaji mabega. Kila mpagazi mnayemwongeza anaongeza na lita 6 zake, kwa hiyo msiwaongeze wapagazi ili kubeba makorokoro. Punguzeni makorokoro. Tumieni madumu ya lita 5, si ndoo wala chupa ndogo nyingi. Dumu likipasuka umepoteza lita 5 tu. Kila mtu abebe lita 2 mgongoni mwake hata kama kuna wapagazi, maana kundi huachana. Na kama mnapanda na kushuka kwa njia moja, ficheni dumu moja au mawili nusu ya njia, chini ya alama mtakayoikumbuka. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kurudi mlikopitia. Sisi tulipanda upande wa Boboni tukashukia Mvouni ili tuone njia mbili, na raha hiyo tuliilipia.

Ongezeni paketi za ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa aliyekaukiwa), chumvi kidogo, tende, karanga, mkate, ndizi. Hema lisilovuja, begi la kulalia, tochi ya kichwani, koti la mvua, sweta zito, kofia ya sufu. Ndiyo, sufu. Usiku kule juu unafanana na Lushoto mwezi wa Julai, pamoja na upepo.

Hatua ya 7: Kupanda

Anzeni kutembea saa 12 asubuhi. Mawingu hupanda mlimani kadiri jua linavyopata joto, na kufikia saa 4 au 5 mara nyingi mnakuwa ndani yake. Kwa mwendo wa kawaida ni saa 6 hadi 8, kutegemea mmeanzia kijiji gani.

Mwanzo mnapita mashamba: migomba, vanila iliyozungushiwa miti yake, milangilangi iliyopindishwa matawi ili maua yachumwe kwa mkono. Mtanusa milangilangi kabla ya kuiona, hasa alfajiri. Kisha msitu unafunga. Miti imevaa kuvu, makangaga yananing'inia, na ardhi ni laini, nyeusi, yenye kuteleza. Tembeeni hatua fupi, mdomo umefungwa, mkipumua kwa pua. Kunyweni kidogo kila nusu saa, hata kama hamna kiu. Msisubiri kusimama.

Usiku, mkilala karibu na ukingo wa msitu, sikilizeni bundi. Yupo bundi mdogo anayeishi kwenye mlima huu tu, duniani kote hana kwingine. Hatukumwona. Tulimsikia, mlio mfupi unaorudiwa mpaka ukausahau.

Juu ya msitu miti inageuka vichaka vigumu vyenye majani kama sindano, jamii ileile inayoota Kilimanjaro juu ya msitu wa mvua. Hapo kivuli kimekwisha. Kofia, mafuta ya jua, mikono mirefu.

Halafu unafika ukingoni, na kisiwa chote cha kijani ulichokipanda kinakatika. Mbele yako kuna bonde lenye upana wa kilomita 3 kwa 4, mchanga mweusi, mawe mekundu, mvuke mwembamba ukitoka kwenye nyufa. Ndani yake kuna kasoko kubwa ya Chahalé. Baada ya mlipuko wa 1991 kulikuwa na ziwa ndani yake, na mlipuko wa 2005 ukaliondoa. Hakuna mdudu anayelia. Niliokota jiwe la ukubwa wa embe na likawa jepesi kama mkate uliokauka, limejaa vitundu. Nilidondoshea maji kutoka kwenye kizibo cha chupa. Yalizama kabla sijahesabu mbili, na jiwe likabaki kavu kama mwanzo. Hapo nikaielewa Ngazija.

Mkipiga hema, chagueni mahali palipoinuka. Msilale kwenye shimo au kibonde, kwa kuwa gesi nzito za volkano hukusanyika chini na nyingine hazina harufu. Harufu ya kiberiti ikizidi, hameni bila mjadala. Msikaribie ukingo wa Chahalé, udongo wake humeguka, na msijaribu kushuka ndani yake. Ukungu ukishuka, kaeni mlipo, shikaneni, mwacheni kiongozi aamue. Takataka zote zirudi chini, pamoja na chupa tupu.

Hatua ya 8: Kushuka

Kushuka ndiko kunakoumiza. Magoti yanatetemeka, watu wanaharakisha kwa sababu wanaona bahari, na maji yamekwisha. Kabla ya kuondoka kambini kusanyeni maji yote mahali pamoja, mpime, mgawane sawasawa pamoja na kiongozi na wapagazi, na kila mtu ajue fungu lake. Tungefanya hivyo asubuhi ile, tusingefika saa 8 mchana tukiwa na chupa moja na nusu.

Mwenye dalili za kukaukiwa, yaani kichwa kinauma, haja ndogo imekuwa nyeusi kama chai, maneno yanamkwama, mketisheni kivulini, mvueni begi, mpeni ORS kijiko kwa kijiko. Asimeze chupa nzima kwa pupa, ataitapika.

Kwenye nyumba ya kwanza tuliyoikuta huko Mvouni alikuwapo bi mkubwa akichambua karafuu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia kwa Kiswahili cha Unguja kabisa. Alimtazama mwenzetu, akanyanyuka bila kuuliza, akasukuma jiwe juu ya tangi la saruji, akateremsha kindoo kwa kamba. Kamba ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia, na kindoo kiligonga chini kabla ya kuchota. Kusi ilikuwa imeshakaa sana, tangi limebaki na kina cha shubiri. Alimnywesha kwa kata ya kifuu, akisema "pole pole, mwanangu," na kila baada ya mafunda mawili aliivuta kata nyuma. Nilipotoa pesa alinikunja vidole juu yake.

"Hapa mtu akipewa maji husema marahaba, basi."

Tuliyasema hayo sote wanane. Kesho yake tulimrudishia madumu mawili yaliyojaa, tuliyoyanunua mjini. Na nyinyi kama mtaomba maji kijijini wakati wa kusi, jueni mnaomba kutoka tangi ambalo halitajaa tena mpaka Novemba, na rudisheni.

Hatua ya 9: Kupumzika, na Mwali kama siku zinaruhusu

Siku inayofuata msipange kitu. Nendeni Chomoni, mlale mchangani, mle samaki wa kuchoma.

Wenye siku tatu za ziada waende Mwali, kisiwa kidogo zaidi cha Komoro, kwa ndege ndogo au boti ya abiria yenye vifaa vya kujiokolea. Kagueni maboya kwa macho yenu kabla ya kulipa, na bahari ya kusi ikichafuka ahirisheni. Zile boti ndogo za magendo ziendazo Maore (Mayotte) msizikaribie kwa bei yoyote, zimezamisha watu wengi mno. Mwali kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, na katika kijiji cha Itsamia kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Nendeni na mlinzi wa kijiji, zimeni tochi na simu, kaeni nyuma ya kasa, msimguse. Mwali, tofauti na Ngazija, ina vijito. Mtaona watoto wakioga na nguo zikifuliwa juu ya mawe, na baada ya wiki moja Ngazija mtasimama kutazama.

Hatua ya 10: Kuondoka

Rudini Ngazija angalau siku moja kamili kabla ya ndege ya nyumbani, kwa sababu usafiri wa visiwani huahirishwa. Hahaya iko kama kilomita 20 kaskazini ya Moroni na barabara ni hiyohiyo moja, kwa hiyo tokeni muda wa saa nne kabla ya ndege, na kama ni msimu wa harusi ongezeni saa moja. Vanila nunueni kwa muuzaji anayewaruhusu kuipinda. Iliyo nzuri inajikunja kidoleni bila kuvunjika, na inang'aa mafuta. Ifungeni kwenye mfuko usiopitisha hewa na mtunze risiti.

Madumu matupu, gesi ya kupikia iliyobaki na vidonge vya kusafishia maji haviruhusiwi au havina maana ndegeni. Mpelekeeni kiongozi wenu. Anapanda tena wiki ijayo.